Kinu Kibaki Nyumbani

Baba yangu, mzee Mukuna, hajui kusafiri. Najua nikisema hivyo hapa Kindu watu watanicheka, maana alikuwa shefu wa treni, yule anayeipa ruhusa ya kuondoka, miaka ishirini na mmoja, na filimbi yake ilijulikana kuanzia hapa mpaka Kabalo. Lakini safari zake zilikuwa kazi, na kila alipoondoka pamoja nasi ilikuwa kuhama. Kwenda mahali, ukatazama, ukala, ukarudi kwako, jambo hilo hakulijua. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililotaka kutuharibia mwaka huu, na mimi Yvette, mtoto wake wa kwanza, nimechoka kusikia majirani wa Alunguli wakisema eti mama yangu ni mkaidi.

Enzi zile mfanyakazi wa reli akihamishwa alipewa behewa zima. Humo aliingiza nyumba yake yote: kitanda, meza, sufuria, kuku, kinu na mchi. Familia ililala humo humo siku nne, siku tano, na kupikia kando ya reli treni iliposimama. Desturi haikuvunjwa: mke alipanda wa mwisho. Alifagia nyumba tupu, akafunga mlango, akampa mkuu wa stesheni ufunguo, maana nyumba ilikuwa mali ya reli. Ndipo filimbi ikapigwa.

Agosti 1998 Baba alihamishwa Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Mama Ndaya, mzaliwa wa Kasai, hakuwa ameona ziwa maishani mwake. Alisikia kwamba unasimama ukingoni na huoni ng'ambo, akasema huo ni uongo wa watu wa reli, lakini usiku alituhadithia sisi watoto kana kwamba alishafika. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulipakia kila kitu. Mama akatoa ufunguo. Baba alikuwa ameshatia filimbi mdomoni agizo lilipofika: treni zote zisimame, vita vimeanza.

"Tungoje mpaka kesho," Baba alisema.

Kesho hiyo ilichukua miaka mitatu. Nyumba yetu ilipewa familia nyingine jioni ile ile, na behewa lililosukumwa kwenye reli ya pembeni likawa kwetu. Mdogo wangu Jeannot alizaliwa humo, Mama akishika mguu wa meza. Risasi zilipolia tulilala kifudifudi sakafuni, Mama juu yetu. Akalima lengalenga, mchicha wa kwetu, kando ya reli, akauza, akalima tena, mpaka akapata kiwanja huku Alunguli, ng'ambo ya mto. Matofali ya nyumba hii aliyafyatua kwa mikono yake. Ufunguo wake anaufunga kwenye pindo la kitenge, na analala nao. Hakuna mwingine aliyewahi kuushika, hata Baba.

Basi, mwaka huu Jeannot, ambaye sasa ni fundi wa magari, alipata minibasi kuukuu akaifufua. Baba aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Hii tunaondosha viti, tunatia kitanda," alisema. "Tunaenda Kalemie. Nilimuahidi mama yenu."

Hakuna aliyembishia, maana Baba akishaamua hata mvua huomba ruhusa. Alipiga kitanda cha mbao za libuyu, akatengeneza rafu, pahali pa mbabula ya kupikia na pahali pa bidoni za maji. Akaandika ratiba kwa dakika: Kampene saa fulani na dakika kumi na mbili, Kasongo, Kongolo, Nyunzu. Jeannot alicheka mpaka akaketi chini.

"Papa, barabara ya Kasongo haijue dakika."

"Itajua. Haiyapata bado mukubwa wa kuifundisha."

Na Mama? Mama alifurahi kama bibi harusi. Alichagua mwenyewe kitambaa cha pazia, chekundu chenye samaki. Alinunua ndala mpya za kuvaa ziwani na akaziweka juu ya kabati, akakataza mtu kuzigusa.

Asubuhi ya siku moja kabla ya safari Mama alikwenda bustanini. Baba akaanza kupakia. Viti. Meza. Sufuria zote. Kuku saba ndani ya tenga. Mama aliporudi na beseni kichwani, aliwakuta Baba na Jeannot wamekiinua kinu.

Aliteremsha beseni polepole.

"Papa Yvette, kinu inaenda wapi?"

"Inaenda na sisi. Kule utatwangia majani ya sombe mu nini?"

"Kalemie hawana kinu?"

"Mimi sijaachaka vyombo vyangu nyuma," Baba alisema kwa fahari. Kisha akamalizia kuharibu. "Na ufunguo usihangaike. Nimesema na Kasimu. Kesho ukifunga, utamupa yeye."

Kasimu ni jirani yetu, mtu mwema asiye na neno na mtu. Hata angekuwa malaika, kwa Mama ingekuwa vile vile.

"Mi siende," alisema Mama.

"Ndaya..."

"Muntu mwenye kubeba kinu haendi kutembea, anahama. Nilihama mara moja, nikalala miaka tatu mu wago ya treni. Hii nyumba ni yangu. Mwenye kuhama, ahame yeye na kuku."

Akaingia ndani, na sote tukasikia ufunguo ukizunguka. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na Baba alikuwa amemletea nyoka mzima mlangoni.

"Nimekosa nini?" aliniuliza.

Nilikuwa na hasira, nami sikuificha. Ziwa lilikuwa linamponyoka Mama kwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa Baba.

"Papa, umepakia uhamisho. Kitu moja tu umesahau, mukuu wa stesheni wa kupokea ufunguo, na ule pia umemupata!"

"Lakini njo vile watu wanasafiri."

"Watu wa reli tu, Papa."

Aliketi kwenye ngazi ya minibasi. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Siku ile ya vita aliniomba angoje kutoa ufunguo. Alisema, piga filimbi kwanza, treni isogee kidogo, halafu nitatupia mukuu wa stesheni ufunguo kwa dirisha. Nikamwambia sheria ni sheria."

Akainuka. Jeannot alitaka kumsaidia, akamkatalia. Alitoa viti, meza, sufuria, akavipanga barazani. Akarudisha kuku bandani. Kisha akakikumbatia kinu, mzee wa miaka sitini na tisa, akaenda akihema mpaka dirishani.

"Mama Yvette, fungua. Ninarudisha kinu."

Mlango ulikawia, lakini ulifunguka. Alikipeleka jikoni nyuma, akakiweka juu ya duara lake lile lile lililochimbika ardhini. Kisha akavua saa yake ya reli, ambayo haikutoka mkononi mwake hata vitani, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

"Hii pia inabaki," alisema. "Nitarudi kuifuata."

Jioni nilimwona Mama akipanda minibasi, akihesabu kilichobaki humo: godoro, sufuria moja, mbabula, sahani nne. Akashuka akaenda kuchukua ndala zake.

Asubuhi tulikunywa chai. Mama, ambaye tangu nimjue hajaacha chombo kichafu, aliacha kikombe chake mezani na majani ya chai ndani.

"Nitaosha nikirudi," alisema.

Hakufagia. Akafunga mlango. Kasimu alikuwa amesimama uani tangu alfajiri, kiganja wazi, kama alivyoagizwa. Mama alimsalimia vizuri, akamwekea kwenye kiganja kile kopo la mahindi ya kuku. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili, akapanda akaketi mbele.

Baba alibaki amesimama chini, karibu na dirisha la Mama. Filimbi ilikuwa mkononi mwake. Alimtazama Mama, akangoja.

"Sasa piga," Mama alimwambia.

Akaipiga mpaka watu wakatoka majumbani. Na Jeannot, aliyezaliwa ndani ya behewa ambalo halikusafiri hata stesheni moja, akaachia breki.