Mwamba Unalia, Melania Hausikii

Saa mbili asubuhi, mwamba umeshaungua vya kutosha. Melania Feliksi anasukuma makaa pembeni kwa mtaimbo, anainua ndoo ya maji ya ziwa na kuyamwaga juu ya jiwe. Mvuke unapanda, jiwe linapasuka kwa ndani, ta, ta, ta, na wenzake watano wanarudi nyuma kama walivyozoea.

Hapa kilimani, nje kidogo ya mji wa Kigoma, aliyewasha moto ndiye anayeligonga jiwe kwanza kwa nyundo na kulisikiliza. Wengine hukaa nyuma ya mstari wa kokoto mpaka atamke neno moja: "Limekufa." Hapo tu ndipo wanapanda na mitaimbo yao.

Baruti wanaisikia kwa wenye fedha. Hawa wanachimba kama walivyochimba babu zao. Moto huwashwa jioni na kuachwa ule jiwe mpaka asubuhi, kisha maji, kisha kabari ya chuma inapigwa kwenye ufa mpaka bamba ling'oke.

"Jiwe zima linalia kama jembe," anaeleza Melania, mwenye umri wa miaka 57. "Lililokufa linaitika kama chungu chenye ufa. Ukilikosea, mtu anapanda jiwe bado linapasuka, bamba linashuka naye."

Amekuwa akilisemea jiwe tangu alipofariki mumewe, Alphonce, aliyemfundisha kazi. Kwa jukumu hilo, yeye huchagua mawe yake kwanza, laini na rahisi kuponda, na siku nzuri hurudi nyumbani Ujiji na shilingi elfu nane. Wengine wanaambulia chini ya hapo.

Lakini nyundo ile ile imemla masikio. Lilianza la kushoto, likafuata la kulia. Ukitaka akusikie, umkaribie na umtazame usoni. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza, sijui balaa gani ingeweza kuchagua vizuri zaidi pa kumpiga.

Wa kwanza kugundua alikuwa Yasmini, mzaliwa wa Ujiji ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Asubuhi moja Melania alisema limekufa, na Yasmini alikuwa amelisikia likilia.

"Nikamwambia taratibu, mama, gonga tena," anakumbuka.

Tangu siku hiyo Yasmini husimama nyuma ya Melania, mkono mgongoni kwake. Vidole viwili maana yake bado. Kiganja kizima maana yake limekufa.

"Wenzetu walidhani namwombea dua," anasema Yasmini, na anacheka bila furaha.

Wiki hii Yasmini anapanda boti kwenda Kagunga. Mama yake aliyeko huko hawezi tena kuinuka kitandani, na Yasmini hajui atarudi lini. Melania amebaki na mambo mawili: abahatishe, au aseme ukweli na kupoteza nafasi yake.

"Niliwaza nibahatishe," anakiri. "Usingizi ukanikataa. Patrick ana watoto wanne, na ndiye hupanda mbele."

Basi leo hagongi. Anawageukia wenzake, nyundo mkononi, na kuwaambia kwamba hasikii.

"Tangu lini, mama?" anauliza Bariki, ambaye hupiga kabari.

"Tangu masika ya mwaka juzi."

Patrick anatema mate pembeni. "Na sisi muda wote huo tunapanda tu?"

"Mlikuwa mnapanda kwa masikio yangu," Yasmini anamjibu.

Patrick amekasirika, na ana haki. Melania anamkabidhi Bariki nyundo kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni maji, kisha anashuka taratibu mpaka nyuma ya mstari. Magoti yanamsumbua pia, lakini hayo hayaulizwi.

Mpango wake ni mdogo. Ataketi chini aponde kokoto mpaka masika, halafu arudi kijijini Mwamgongo kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na mama yake, apande michikichi na kukamua mawese.

"Mchikichi hauulizi kama unasikia," anasema. "Nimechoka, mwanangu. Kila kukiwa kimya najiuliza, ni ziwa limetulia au ni mimi? Nataka nikae mahali ambapo nikikosea hilo, hafi mtu."

Juu, Bariki anagonga. Anasogeza hatua, anagonga tena, anainamisha kichwa karibu na jiwe. Kwa mara ya kwanza Melania anasubiri pamoja na wengine, macho yake kwenye midomo ya kijana huyo. Midomo inatikisika.

"Amesemaje?" Melania anamuuliza Yasmini.

"Bado."

"Ego," Melania anaitikia kwa Kiha, haya, na anainama kuokota kuni za moto mwingine.