Viazi vya Laureano

Kaka yangu Laureano Toapanta alikuwa fundi wa milango na madirisha hapa Toctiuco, mtaa wa mlimani juu ya Quito, lakini watu wa mjini waliopanda mpaka kwetu walimtafuta kwa kazi nyingine. Kila Novemba, kabla ya sikukuu za mji, walimletea magari yao ya mbao, yale yanayoshindana kuteremka mlimani bila injini, awanyooshee magurudumu.

Hakunyoosha gari bila dereva wake. Dereva alivua koti, akakaa, akashika usukani. Ekseli ya mkaratusi hupinda kidogo chini ya mtu, na gurudumu lililosimama wima kwenye gari tupu hulala ndani kwa juu akikaa. Kwa hiyo Laureano alichonga miisho ya ekseli ili magurudumu yaegemee nje kwa juu, kwa kiasi cha uzito wa dereva yule na si mwingine. Akikaa, yanasimama. Halafu alining'iniza timazi, uzi wenye kipande cha risasi mwishoni, kwenye gurudumu. Uzi ukigusa juu na chini, alifanya ishara ya msalaba na kusema, "Nenda."

Gari lake mwenyewe, jekundu, alimtengenezea Klever, mwanawe wa pekee. Klever alishinda nalo mara mbili. Mwaka 2000 akaenda Hispania kuchuma nyanya. "Mwaka mmoja tu, baba," alisema. Hakupata karatasi za kukaa, na bila karatasi ukitoka kule huruhusiwi kurudi tena. Ikawa miaka tisa.

Novemba ya kwanza bila yeye, Laureano aliweka kwenye kiti gunia la viazi la ratili mia moja na thelathini, uzito wa Klever, akanyoosha magurudumu.

"Hili ni la kushikilia nafasi tu, Zoila," aliniambia. "Nitanyoosha vizuri siku atakapokaa mwenyewe. Mungu asinichukue kabla."

Aliomba hivyo katika kila misa, kwa sauti, maana masikio yake yalikuwa mazito na alidhani ananong'ona.

Jirani yetu Hermógenes hakuacha kumtania. "Laureano, hivyo viazi vimeshapata leseni?"

"Vimepata. Na vinaendesha vizuri kuliko wewe, tena havinuki pombe."

Jumapili moja tulikwenda kwenye kibanda cha simu kumpigia Klever. Laureano hakuuliza habari za kazi wala za wanawake. "Una ratili ngapi sasa?"

"Baba, mimi ng'ombe wa mnadani?"

"Nijibu, mwanangu. Gari linakungoja."

Siku ile alijibu mia moja arobaini na tano. Mwaka mwingine mia moja na sitini. "Huku nyama ni kila siku, baba." Laureano alirudi nyumbani akipanda ngazi za mtaa kama kijana. "Zoila, ongeza viazi. Mtoto anashiba." Kisha aliichonga ekseli upya. Mwaka jana gunia lilifika mia moja sabini na mbili, na magurudumu ya gari tupu yalikuwa yameegemea nje mpaka Hermógenes akasema linasimama kama bata.

Mwaka huu mapafu yalimzidi. Alinyoosha gari kwa viazi vya uzito uleule, amekaa kwenye kigoda, mimi nikimshikia timazi. Siku sita baadaye alifariki, padri akiwa bado mlangoni.

Klever alifika siku nne baada ya mazishi. Alikuwa amevaa koti kubwa la baridi, na hakulivua hata mezani. Tulimalizia pamoja sala za siku tisa za kumwombea marehemu. Alasiri ya siku ya mwisho, majirani walipoondoka, aliniomba nimfungulie karakana.

"Shangazi, nikae?"

"Kaa. Lakini unaijua sheria ya baba yako. Vua koti."

Alisita, akalivua. Mabega yake yalikuwa kama ya kijana wa shule, na mkanda wake ulikuwa na matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Alikaa, akashika usukani. Niliinama nikaning'iniza timazi kama kaka yangu alivyofanya. Uzi uligusa juu. Chini, kati ya uzi na gurudumu, kidole changu kilipita bila kugusa kitu. Nikajaribu gurudumu la pili. Vilevile.

Klever alikuwa akinitazama.

"Shangazi, aliweka viazi kiasi gani?"

"Mia moja sabini na mbili."

Alitazama mikono yake kwenye usukani.

"Kazi zilikwisha miaka miwili sasa," alisema. "Na hata zilipokuwepo… Ningemwambiaje? Alikuwa anafurahi."

Nilimshukuru Mungu kwamba kaka yangu alikufa akiamini mwanawe anashiba, na papo hapo nikamwomba msamaha, maana nilikuwa namshukuru kwa uongo. Mpaka leo kila nikishika rozari nayarudia yote mawili.

"Ninyooshee basi," Klever alisema.

"Sijui kuchonga, mwanangu. Hapa hakuna anayejua."

Gunia lilikuwa pembeni, viazi vimeanza kuchipua. Nililiburuta mpaka jikoni, nikavikata machipukizi, nikapika supu nzito kwa maziwa na jibini. Klever alikula mabakuli matatu, koti amelivaa tena.