Siku Niliyowaachia Nyuki Wageni wa Kipaimara

Jamani, mkasa huu siusimulii hata kwa wenzangu wa hosteli, na kama mna ndugu Goweko naomba msiwaulize, maana wao wana masimulizi yao yanayonidhalilisha zaidi, na bahati mbaya ndiyo ya kweli.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikapata nafasi mbili za chuo, moja ya kilimo na nyingine ya uhandisi wa anga (kutengeneza ndege na vyombo vingine vinavyokwenda huko juu), na ilibidi nithibitishe moja kabla dirisha halijafungwa. Moyo wangu wote ulikuwa angani. Baba, ambaye ni fundi cherehani pale Mtendeni, hakukubali wala hakukataa, alisema tu, "Hilo ni la baba yako mkubwa," kwa sababu kaka yake huyo ndiye aliyenisomesha kwa tumbaku yake, na anayelipa ndiye anayeamua. Basi tukaenda Goweko, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili ya sherehe ya kipaimara cha binti yake, kesi yangu ikapangwa baada ya pilau, mbele ya ukoo mzima na katekista juu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Haya, tueleze. Hizo ndege utazitengenezea wapi? Sisi hapa tuna trekta moja, na lenyewe bovu."

Watu wakacheka. Shangazi Paskalina akauliza kama mimi ndiye nitakayekuwa nagawa soda mle ndani, nikamwambia hapana shangazi, mimi nitaiunda yenyewe, akasema, "Ndiyo nasema, ikianguka watakuja kutushika sisi."

Hapo ningenyamaza yangeisha. Lakini mezani palikuwa na droni ya binamu yangu Deo, mpiga picha wa harusi kutoka Igunga, na baba mkubwa akainyooshea kidole.

"Hicho nacho si ni ndege? Unaweza kukirusha?"

Mtu mwenye akili angesema hajawahi hata kukishika. Mimi nilikuwa nimeangalia video za kutosha kwenye simu, na shangazi alikuwa bado anacheka, basi nikajibu, "Kitoto sana hicho, baba mkubwa," nikachukua rimoti wakati Deo mwenyewe yuko jikoni anaongezewa nyama.

Ikapaa! Vigelegele vikapigwa, baba akajishika kiuno kama mtu aliyezaa rubani, na mimi kichwa kikavimba nikaisukuma mbele, ikapita juu ya meza ikamwaga vumbi kwenye pilau na kumvua bibi kilemba, nikashtuka nikavuta kijiti kisicho chenyewe, ikashika njia ya miti iliyo nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ambako baba mkubwa ametundika mizinga yake ya nyuki.

"Simama! Simama wewe!" nikaiambia, kama naita mbuzi.

Tukasikia *ko!* Kisha mzinga ukaanguka.

Wa kwanza kuelewa alikuwa bibi. "Nzuki!" akapiga kelele, na bibi huyo, aliyekuwa ameletwa kwenye kiti kwa kushikwa mikono huku na huku, akatupita wote. Katekista, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa ametueleza vizuri sana jinsi Roho anavyotushukia kutoka juu, alipoona kitu kinashuka kweli hakusubiri kujua ni nini, akajitosa ndani ya bani na suti yake. Shangazi Paskalina alijifunika sufuria bila kukumbuka kwamba lina mchuzi. Na mimi mhandisi? Nimesimama palepale na rimoti, nabonyeza kitufe cha kuirudisha droni, ila waliorudi ni nyuki.

Baba mkubwa peke yake hakukimbia. "Tulieni! Nyuki wangu wananijua!"

Hawakumjua.

Jioni, baada ya moshi kuwatuliza, ukoo ukakaa tena, nyuso zimeumuka kama maandazi, baba jicho moja limefunga, Deo ameshika kipande cha panga la droni. Nikapiga magoti nikilia.

"Baba mkubwa, nisamehe. Nitasoma kilimo."

"Kilimo?" Mdomo wake ulikuwa umevimba hadi maneno yanapita kwa shida. "Uje uniharibie na tumbaku?"

Akawageukia wengine.

"Sikilizeni. Huyu hajasoma, kashika kidude tu, na tazameni tulivyo. Mtoto wa namna hii hawezi kuachwa hivi hivi. Aende huko huko kwenye ndege akafundishwe. Tena afundishwe sana."

"Amina!" akaitikia katekista kutoka ndani ya bani, maana alikuwa bado hajatoka.

Nikathibitisha hapohapo, nikisoma simu kwa jicho lililobaki. Sasa niko mwaka wa pili na hesabu za huku zinauma kuliko wale nyuki, lakini nimejiwekea nadhiri moja. Nikirudi likizo, mtu akaniletea hata feni iliyogoma akasema, "Mhandisi, hebu iangalie," namjibu kwa sauti, mbele za watu, bila haya yoyote: sijui.