Michembe ya Ng'wana Kashindye

Pale chuoni walimwita Mama Marejeo, na jina likamkaa. Modesta Shigela, binti wa Buhongwa, mwaka wa mwisho wa stashahada ya lishe, alikuwa mwoga wa kitu kimoja tu duniani: kuambiwa ameiba maneno ya mtu. Nyoka angemkabili. Lakini sentensi isiyo na chanzo, mama yangu wee! Aliandika kwamba Ziwa Victoria ni kubwa, akatafuta kitabu cha kumshuhudia. Aliandika kwamba mtoto mwenye njaa hulia, akatafuta kingine. Rafiki yake Princess, waliyepanga naye chumba Mabatini, alimcheka mpaka akashika mbavu.

"We Modesta, siku ya harusi utamwambia padri, 'Ndiyo nakubali, kwa mujibu wa fulani.'"

Modesta alicheka naye, ila hofu haikuisha. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alikutwa amenakili utafiti wa mwenzake, akaambiwa arudie mwaka. Modesta alimwona akitoka getini na godoro lake kichwani, na picha ile haikumtoka. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Baba yake, fundi baiskeli, alishawatangazia wateja wote kwamba mwaka huu kwake kuna mahafali. Mtu wa namna hiyo unamrudiaje na godoro?

Utafiti wake ulihusu michembe, yaani viazi vitamu ambavyo Wasukuma huvimenya, huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani mpaka vikauke, viwe akiba ya miezi ya njaa. Sura tamu kuliko zote ilitoka kwa bibi yake mzaa baba, Bibi Evelina wa Bujora, wilayani Magu. Modesta alikwenda na simu, akamrekodi bibi akifanya kazi juu ya mwamba nyuma ya nyumba, kisha akaandika alichosikia. Aliondoa porojo tu: salamu, vicheko, na ile tabia ya bibi ya kurusha kipande cha kwanza mwambani huku akitaja majina ya watu. Mambo ya kizee hayo, alijiambia. Hii ni sayansi.

Haikupita muda akaitwa ofisini na msimamizi wake, Mwalimu Okeyo, Mjaluo wa Rorya mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa. Siku hiyo aliongea polepole, na hapo ndipo Modesta alipojua mambo yameharibika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo." Akamgeuzia kompyuta. Programu ya kukagua wizi wa maandishi ilikuwa imeipaka rangi nyekundu sura nzima ya bibi. "Haya umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, mwalimu."

"Bibi yako ameandika tasnifu?"

Akamfungulia tasnifu ya mtafiti mmoja, iliyowekwa mtandaoni miaka kadhaa nyuma. Modesta akasoma. *Kiazi kikikunjika bado kina maji. Kikilia kama kijiti, kimekubali.* Maneno ya bibi hayo! Yale yale, mpaka mzaha wake kuhusu wanaume wanaodokoa vipande kabla havijakauka. Na chini yake iliandikwa: mtoa taarifa, mwanamke mzee, Wilaya ya Magu. Basi. Hana jina, hana baba, hana kwao.

"Mwalimu, huyu ndiye bibi yangu."

"Mimi naweza kukuamini. Kamati je? Hata rekodi, watasema umemsomea tasnifu hii akairudia." Mwalimu Okeyo akakuna kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Njia rahisi ipo. Andika kwamba umeyatoa kwenye tasnifu hii, umtoe bibi, mambo yaishe. Ukimng'ang'ania bibi bila ushahidi, watasema umeiba halafu umemsingizia ajuza wa watu. Ukianguka hapo, mahafali utayasikia kwa jirani."

Njia ilikuwa rahisi kweli. Mstari mmoja tu wa marejeo, na kwa mistari ya marejeo nani angemshinda Modesta? Alikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Mkono ukakataa.

Jumamosi akaenda Bujora. Alimkuta bibi amekaa mwambani na ungo wa viazi. Baada ya shikamoo na habari za wote wa Buhongwa, kuku wakiwemo, akamuuliza kama kuna mtu aliwahi kuja kuchukua habari za michembe.

"Yule binti wa kofia kubwa," bibi akajibu bila kufikiri. "Mtoto mzuri, alikula ugali kwa mlenda akaomba tena. Nikamtajia jina langu, Evelina ng'wana Kashindye. Akasema habari ataiandika ila jina atalificha, ndiyo sheria yao, kunilinda." Akaweka kisu chini. "Kunilinda na nani? Nimeiba ng'ombe wa mtu?"

Modesta akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. Akaeleza yote: rangi nyekundu, kamati, ile njia rahisi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maneno yangu nikikupa wewe, umeyaiba kwa yule niliyempa kwanza?"

"Ndivyo mashine inavyosema, bibi."

"Mashine hiyo haina bibi."

Akachukua kiazi, akakimenya, akakata kipande cha kwanza na kukirusha mwambani kama kawaida yake. "Hiki cha Minza ng'wana Chenge, shangazi yangu, aliyenishika mkono." Ndipo akaendelea na kazi.

 Tangu utotoni Modesta aliiona tabia ile na hakuwahi kuisikiliza. Msukuma wa kweli hata salamu haimalizi kabla hajajua wewe ni ng'wana nani, yaani mwana wa nani, na katika nyumba ile hata kiazi hakikatwi kabla hajatajwa aliyekufundisha kukikata. Chanzo! Bibi alikuwa akitaja chanzo chake kabla ya kugusa kazi, miaka yote hiyo. Na yeye, Mama Marejeo mzima, aliyelitafutia Ziwa Victoria shahidi, alikisikia kwa masikio yake, akakifuta, akakiita porojo. Aibu ilimpanda hadi kichwani. Kisha ikaja fahari, kubwa kuliko ile aibu, asiweze hata kukaa.

"Bibi, ile siku nilipokurekodi, ulisema kitu kuhusu kofia. Mimi sikuelewa."

"Nilisema. Hukuwa unasikiliza, ulikuwa unaandika."

Siku ya kutetea utafiti, mwenyekiti wa kamati alikuwa Dokta Kija, mama mwenye miwani na maneno machache. Aliuliza kuhusu ile sura nyekundu kabla Modesta hajaketi sawasawa.  Binti wa watu akaifungua ile tasnifu ya mtandaoni, akawaonyesha mahali palipoandikwa kwamba kipande cha kwanza cha kiazi hutupwa kwa sababu za kimila, bila kutajwa jina la mtu. Kisha akabonyeza simu.

Sauti ya Bibi Evelina ikajaa chumbani, ikikwaruza, na kisu kikisikika. "Hiki cha Minza ng'wana Chenge, shangazi yangu, aliyenishika mkono. Mimi ni Evelina ng'wana Kashindye. Andika, mjukuu wangu. Yule wa kofia alinificha, wewe usinifiche."

 Dokta Kija akavua miwani.

"Ungetaja tasnifu peke yake, tusingekuuliza kitu. Kwa nini umejitafutia taabu?"

"Tasnifu nimeitaja pia, Dokta. Aliyeiandika alifuata sheria yake, naye ana haki yake. Lakini maneno yana mwenyewe, na mwenyewe anataka ajulikane. Mimi nilikosea kuyafuta majina. Nimeyarudisha." Akaiweka simu mezani. "Nikimficha bibi yangu, na mimi nitasema ni ng'wana nani?"

Walimpitisha. Mwalimu Okeyo alitoka hadi kwenye korido, akapiga ukelele wa "Mama Marejeo!" uliowatoa wapishi jikoni. Siku hiyo Modesta aliitikia jina hilo kifua mbele.

Nakala ya kwanza yenye jalada gumu haikwenda Buhongwa kwa baba, ilikwenda Bujora. Bibi alivaa miwani yake ya misa, akapitisha kidole kwenye orodha ya vyanzo, katikati ya madokta na maprofesa, mpaka akafika. *Chenge, Minza (marehemu), kwa kusimuliwa na Evelina Kashindye.* Akashuka zaidi. *Kashindye, Evelina, Bujora.* Akasoma tena kwa sauti, majirani wasikie.

"Shangazi amenitangulia."

"Ni mpangilio wa alfabeti, bibi."

"Wewe ita alfabeti. Mimi naita adabu."

Kisha akamsogezea ungo na kisu. Modesta akamenya kiazi, akakata kipande cha kwanza, akakirusha mwambani. "Hiki cha Evelina ng'wana Kashindye, bibi yangu, aliyenishika mkono."

 Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha, akainama kukitazama kile kipande.

"Unene gani huo?" akafoka, na sauti ilikuwa imelowa. "Kata vyembamba! Watu watajua ni mimi niliyekufundisha."