Mama Lehemu ahamisha kazi ya kidole gumba

Saa moja asubuhi, mlango wa karakana uko wazi nusu. Mwanamke mwenye aproni ya ngozi amebana bomba la shaba kwenye jiliwa. Analiwekea alama kwa kalamu, anapima tena kwa rula, kisha anashika msumeno. Lakini hakati. Amefumba macho, midomo inacheza taratibu. Anasali.

"Shaba ukiikata fupi, basi tena," anasema akifumbua macho. "Hakuna sala ya kuirefusha. Ndiyo maana mimi husali kabla."

Wateja humwita Mama Lehemu. Ana umri wa miaka hamsini na minne, na sehemu kubwa ya maisha yake ameziba rejeta za magari zinazovuja. Bomba la leo, hata hivyo, ni la tromboni ya besi, chombo kirefu cha kupuliza chenye mkono wa kuteleza, kinachobeba sauti nzito ya bendi ya kanisa.

Mpigaji wake ameketi pembeni, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ni dereva mstaafu wa basi la shule, na ameipiga tromboni hiyo miaka thelathini na mmoja. Mwaka jana jeki iliteleza, gari likambana mkono wa kushoto. Mkono ulipona, ila kidole gumba hakikunji tena.

Gumba hilo ndilo lililofungua vali ya kwanza, kilango kinachopitisha pumzi kwenye bomba la ziada. Bila vali hiyo, noti nyingi za chini hazipatikani. Bendi haikumfukuza, ilimpa matoazi.

"Nagonga mara nne wimbo mzima," anasema. "Muda uliobaki nasimama tu kama kibao cha njia panda."

"Heri huko kanisani alikuwa anasimama," anadakia mkewe, ambaye amemsindikiza. "Nyumbani alikuwa hatulii. Kila sufuria yangu imepigwa."

Mama Lehemu aliingia kwenye kazi hii bila kuipanga. Zamani alipokea rejeta kumi na mbili kwa wiki. Siku hizi akipata tatu anashukuru, kwa kuwa nyingi zina plastiki, na plastiki haishiki lehemu. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mzee mmoja wa kanisa alimletea tarumbeta iliyotoboka.

"Akaniuliza kama naiweza. Nikamwambia, kama inavuja, hiyo ni ndugu yake rejeta."

Kwa dereva, dawa yake ilikuwa kuhamisha kazi. Kidole cha kati, kilichokuwa na vali ya pili, kipewe ya kwanza. Ya pili ichukuliwe na kidole cha pete. Wenzo mpya wa kufungulia vali aliuchonga kutoka kwenye breki ya baiskeli, akashona pia mkanda wa ngozi ili uzito ukae kwenye kiganja.

"Nilimwambia, kaka, gumba limestaafu kama wewe. Majirani watafanya kazi yake."

Tatizo ni kwamba bomba la vali ya kwanza lilipita pale vidole vilipotakiwa kukaa. Alilitoa, akakunja jingine lenye njia tofauti, akalipima kwa programu ya simu inayoonyesha kama noti iko sawa. Simu ikaonyesha kijani. Akamshukuru Mungu, akamkabidhi dereva chombo chake.

Jumamosi iliyopita dereva aliingia nayo mazoezini. Noti za kawaida zilikwenda vizuri. Alipofungua vali ya kwanza, mwalimu wa bendi alisimamisha wimbo.

"Nani huyo anakoroma huko nyuma?"

Watu walicheka. Dereva hakucheka. Mwalimu alirudia mara tatu, na mara zote noti za vali zilikuwa chini ya wenzake. Akasema wazi kwamba tromboni ya besi ni moja tu, na Jumapili ijayo kuna ibada kubwa. Isipokaa sawa kabla ya hapo, atampa mtu mwingine tromboni hiyo, irudishwe ilivyokuwa.

Mama Lehemu alikuwa ameketi benchi la nyuma. Alitoa simu, akaielekeza kwenye bendi nzima. Bendi nzima ilikuwa juu ya kipimo cha simu.

"Vyombo vyetu ni vya kale," mwalimu alimweleza. "Vilitengenezwa vikiwa juu kidogo, vyote. Sisi tumezoea, hatusikii tena."

Kila mtu bendini alilijua hilo. Fundi peke yake hakulijua, maana hakuuliza.

"Na kuuliza si ujinga," anasema akitikisa kichwa. "Nilipima kwa simu, sikupima kwa watu. Bomba likizidi urefu, sauti hushuka. Nashukuru nilikosea kwa kurefusha. Ningekosea kwa kufupisha, leo ningekuwa naomba radhi kanisa zima."

Ndiyo maana asubuhi hii mwalimu wa bendi yuko hapa pia, na tarumbeta yake. Anapuliza noti moja, ndefu. Msumeno unakata sentimita mbili. Tupa inalainisha, moto unapita, lehemu inang'aa na kukaa. Bomba likipoa, dereva anaingiza vidole kwenye mkanda na kujibu noti ile kutoka chini.

"Bado kidogo," anasema mwalimu.

Mama Lehemu anasali tena, kwa ufupi zaidi, na kukata nusu sentimita. Safari hii sauti mbili zinakaa pamoja hadi kopo la misumari linatetemeka mezani. Mwalimu anashusha tarumbeta.

"Matoazi nitamtafutia mtu," anasema.

Dereva anaipiga tena noti hiyohiyo, na tena, mpaka mkewe anamwomba apumzike.

Mama Lehemu anapanga vifaa vyake. Anasema kuna mama mmoja wa bendi nyingine, mwenye vidole vilivyokakamaa, ambaye ameomba afanyiwe hivyo hivyo. Atakwenda kwanza kuisikiliza bendi hiyo, kabla ya kugusa chombo.

Ana mpango mwingine pia. "Miaka kumi na mmoja natengeneza sauti, na sijawahi kutoa hata moja. Jumanne jioni naanza masomo. Mwalimu wangu ni kaka huyu dereva, mwenye vidole tisa vinavyokunjika."