Tandiko la Mjomba

Katika Buteba yetu yote, huku upande wa Uganda, hakuna farasi. Nimeuliza. Farasi wa karibu ninayemjua anaishi ndani ya simu yangu, na chakula chake ni bando. Hilo halijanizuia kushona vitu vya kikauboi. Nilianza na mikanda, nikaja kwenye mifuko ya bastola, ambamo darasani tulichomoa rula hadi mwalimu wa hesabu akaikamata yote. Baadaye nikamshonea fahali wetu tandiko kamili, lenye vikanyagio. Fahali alitoa maoni yake mara moja. Nilitua kwenye muhogo wa jirani, na bibi akaniuliza kama huko shuleni ndiko tunakofundishwa hayo.

Ngozi naipata machinjioni, nyama ikishaisha na mbwa wakishachoka. Naitia chumvi, naiwamba juani kwa vigingi, na nyumba nzima inaninunia mpaka harufu ipungue.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mjomba, kaka yake mama. Zamani aliangukiwa na magunia akipakua lori mpakani Busia, mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Anavusha mizigo kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono: unga, sabuni, mafuta ya kupikia, chochote. Mkewe alirudi kwao. Wanawe wawili wanakula na kusoma kwa mikono ile tu.

Sponji ya kiti chake ilikuwa imekwisha, anakalia ubao.

"Nishonee kiti cha kikauboi," akaniambia. "Nivuke mpaka kama mkuu wa polisi."

Nikashona. Sasa, mafundi wa matandiko wa kwenye video wana mtihani wao. Farasi hawezi kusema tandiko linambana wapi, kwa hiyo wananyunyiza poda nyeupe, wanampanda, wanashuka na kutazama. Mahali poda iliposagika ndipo panapobana. Mjomba naye, kwa huo upande wa chini, alikuwa sawa na farasi. Angeweza kukalia jiko la mkaa akaniambia kiti ni kizuri. Nikamnyunyizia unga wa muhogo.

Wenzake wa baiskeli waliiona suruali yake ikiwa nyeupe.

"Mzee, leo unavusha unga kwa makalio?" akauliza mmoja wa upande wa Kenya. "Huo hata ushuru hawatakudai. Nani atataka kuupima?"

"Cheka tu. Mpwa wangu ni daktari wa makalio."

Jioni tukamshusha, nikainamia kiti. Upande wa kushoto unga ulikuwa umelala kama nilivyouweka. Upande wa kulia ulikuwa umeganda, umegeuka donge la rangi ya majani ya chai. Nikaunusa. Harufu ya ngozi inayooza naijua, ndiyo kazi yangu. Hii haikuwa ya ng'ombe.

"Nimekalia embe," mjomba akasema.

"Embe gani mwezi huu?"

"Basi nimekalia kitu kingine. Nenda kasome."

Kwetu mtoto hatazami uchi wa baba yake, kwa hiyo wanawe walisimama nje wameelekea barabara. Bibi, mama yake mzazi, akasema mwanamume aliyekwisha kuoa hafunuliwi na mama. Nikabaki mimi. Mpwa na mjomba ni watani. Mimi naweza kumtukana mbele ya mchungaji na mchungaji akacheka.

"Ukipiga picha nakuua," akaniambia.

"Mjomba, simu yangu haina nafasi ya kitu kikubwa hivyo."

Akacheka, akajilaza kifudifudi. Nikavuta suruali.

Nilikuwa na mzaha mwingine tayari mdomoni. Haukutoka. Palikuwa na shimo, kingo zake nyeusi, na ndani kabisa kitu cheupe ambacho kwanza nilidhani ni unga wangu.

"Kidonda ni kikubwa?" mjomba akauliza.

"Kama ngumi."

"Ya nani, yako au yangu?"

Ngumi za mjomba ni za mtu ambaye mikono yake ndiyo miguu.

"Yako."

Nikawatuma wanawe barabarani wakaite pikipiki.

Hospitalini Tororo walikata nyama iliyokufa, wakamwambia alale kifudifudi mpaka shimo lijae, na asikae hata kidogo. Kiti changu wakasema kichomwe. Mwanawe mkubwa alijaribu kuvusha mizigo kwa baiskeli ile, akarudishwa na watu wa forodha. Ana miguu. Baba yake wanampitisha bila maswali kwa sababu hana, lakini kijana mzima aliyekaa pale ni mtu anayekwepa ushuru. Sasa wanakula kwa bibi, na kwa bibi chungu hakijaongezeka.

Kidonda nakisafisha mimi nikitoka shule. Siku moja, nikiwa bado nimeshika chachi, mjomba akaniambia nimshonee kiti kingine, chenye tundu upande wa kulia.

"Tundu litahamisha uzito kwenye kingo zake," nikamwambia. "Utatoboka kando. Farasi mwenye kidonda hapandwi, anapumzishwa."

"Mimi si farasi," akasema, uso ukiwa ndani ya mto. "Farasi akipumzika, analishwa."

Nikaleta ngozi mpya, nikaiwamba nyuma ya nyumba, na kila alipouliza nilimwambia bado mbichi, mvua hizi. Mvua zilinisaidia kweli. Lakini juma hili jua limewaka kila siku, na mjomba, hata akiwa kifudifudi, anasikia mabati yanavyolia kwa joto.

Leo alimtuma mwanawe mdogo aende kuigusa. Mtoto akatoka, akaigonga kwa kidole. Ililia kama ubao mkavu. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika karai la maji ya chumvi, na chachi iliyotoka kidondoni ilikuwa bado inatoa rangi ile ile ya majani ya chai.

Mtoto akaingia ndani. "Bado mbichi, baba."

Mjomba akainua uso kutoka kwenye mto.

"Basi ileteni hivyo hivyo," akasema. "Nitaikausha kwa kuikalia."