Mikono Dirishani, Nyuso Dukani

Jumatatu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya hospitali mjini Nyeri, na Kagure Kingori ananusa chupa. Ya kwanza ilikuwa ya maji ya machungwa, anaijaza dawa ya kikohozi. Ya pili inanuka mafuta ya taa. Anairudisha kupitia tundu la dirisha, na mkono unaipokea.

Mwaka huu wa 1974 wagonjwa bado huja na chupa zao kutoka nyumbani, na kuzinusa ndiyo kazi ya kwanza ya mgawa dawa. Ya pili ni kuharakisha. Tundu lenyewe halizidi ukubwa wa daftari la shule, tena limekatwa chini mno kwenye mbao za dirisha. Kagure haoni nyuso, anaona mikono tu, mingi ikiwa na udongo wa shamba.

"Niko hapa miaka sita," anasema, "na nikikutana na mgonjwa wangu sokoni siwezi kumjua. Na yeye hanijui."

Jumamosi ni habari nyingine. Siku hiyo Kagure hushuka mtaa wa Majengo kusaidia katika duka la dawa la Mzee Rashid, karibu na msikiti. Huko kuna kaunta, benchi na watu wenye maneno mengi. Chupa ni mpya, lakini mazoea yana taabu. Kagure huzinusa hata hizo, na Rashid humtania kwamba anawafukuzia wateja, watadhani dawa imeoza.

Sasa Rashid anamtaka aache hospitali, awe dukani moja kwa moja, kwa mshahara mnono kuliko wa serikali, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kazi ya serikali ukishaiacha ni shida kuirudia, na baba yake kule Giakanja hataki hata kusikia habari ya duka. Kagure anakiri kwamba kichwa kimemvurugika.

Dukani anapenda kuongea na watu, ila inamuuma kuona mama akinunua nusu ya vidonge alivyoandikiwa kwa sababu hana pesa za nusu ya pili.

"Kwa hospitali dawa ni ya bure, mtu anapewa yote," anasema. "Lakini ukijaribu kumweleza mmoja, laini yote inaanza kugonga mbao."

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyomchanganya kabisa. Mkulima mmoja wa Kiriaini, Mama Warigia, aliingia dukani bila haja ya kununua kitu. Akatoa kwenye kiondo chupa yenye dawa nyeupe.

"Msichana wangu, hii nilipewa kwa hosipitari," alisema. "Sijui ni ya kunywa ama ni ya kupaka. Ningeuliza nani, na kuna dirisha tu?"

Ilikuwa dawa ya kupaka upele. Mama huyo alikuwa ameshajaribu kijiko kimoja, na bahati nzuri aliitema kwa ukali wake. Kagure alitazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, akauona mwandiko wake mwenyewe.

Alimweleza vizuri, lakini hakumwambia ni nani aliyempa.

"Niliona haya sana," anasema. "Sasa nikienda kwa Rashid, nani atakaa kwa hiyo dirisha? Na nikibaki, nitaendelea kupeana dawa nikinyamaza. Sijui. Kweli sijui."

Amemwomba mkubwa wake tundu lipanuliwe, aone uso wa mtu. Jibu halijaja. Leo ameamua kujaribu bila ruhusa. Anainama mpaka shavu linagusa ubao, na huko nje anamwona mzee mwenye kofia, ambaye anashtuka kidogo. Kagure anamuuliza kama ameelewa dawa yake inavyonywewa.

Mzee anaitia chupa kwenye mfuko wa koti, bila haraka.

"Usijisumbue, msichana," anamwambia. "Jumamosi nitapita Majengo kwa Rashid. Nasikia hapo kuna mmoja anaelezanga watu vizuri."

Nyuma yake mbao zimeanza kugongwa. Kagure anainua kichwa, anapokea chupa nyingine, anainusa.